Simu iliyoachwa na kampuni yake: mwongozo kamili wa kuweka LineageOS ukiwa Lubumbashi

Kwenye simu iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa Lubumbashi, ingia “Paramètres”, shuka hadi “À propos du téléphone”, kisha utafute tarehe ya marekebisho ya usalama ya Android. Tarehe hiyo itakuambia kama kampuni iliyotengeneza simu yako bado inaikumbuka. Si ajabu kukuta simu nzima kabisa, kioo hakina ufa, kamera inapiga picha safi, betri inafika jioni, lakini tarehe imesimama miaka miwili au mitatu nyuma. Mwenye simu anabonyeza kitufe cha kutafuta sasisho kila mara, na kila mara anajibiwa kwamba mfumo wake uko sawa. Hauko sawa, umeachwa.

Kumlazimisha mtu anunue simu nyingine kwa sababu hiyo peke yake naona ni dhuluma, hasa kwetu ambako simu nzuri hununuliwa kwa dola zilizotafutwa kwa jasho. Njia nyingine ipo: kuondoa mfumo wa kampuni na kuweka ule unaojengwa na jamii ya wataalamu wa kujitolea. Unaojulikana zaidi ni LineageOS, uliozaliwa Desemba 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa. Kwa aliyejiandaa ni kazi ya jioni moja. Kwa aliyekurupuka, simu inaweza kugeuka tofali. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujachomeka kebo.

Sasisho linakwama wapi

Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama ya Android kila mwezi Agosti 2015, mwaka ambao kasoro ya Stagefright ilionyesha kwamba video iliyotumwa kwa ujumbe tu ingeweza kumfungulia mshambuliaji mlango wa simu. Lakini kinachotoka Google hakiji moja kwa moja kwako. Kwanza mtengenezaji wa chipu, yaani Qualcomm, MediaTek au Unisoc, anatakiwa kuandaa sehemu zake. Kisha kampuni ya simu inabandika juu yake muonekano wake na apu zake, inapima, na katika nchi nyingine makampuni ya mtandao nayo yanapima. Mwishoni sasisho linaachiwa kwa mafungu, nchi baada ya nchi. Popote katika mlolongo huo mtu akiona kwamba modeli yako haileti tena faida, kazi inasimama, na hakuna atakayekuandikia barua kukujulisha.

Google yenyewe imejaribu kupunguza ugonjwa huu. Mwaka 2017, kwa Android 8, ilileta Project Treble, iliyotenganisha mfumo wenyewe na sehemu za mtengenezaji wa chipu. Mwaka 2019, kwa Android 10, baadhi ya vipande vya mfumo vilianza kusasishwa kupitia Google Play bila kusubiri kampuni ya simu. Na mambo yanabadilika kwa simu mpya: Pixel 8 na Galaxy S24 ziliahidiwa miaka 7, na Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka simu mpya zinazoingia sokoni kwake zisasishwe kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Hayo hayamsaidii mwenye Pixel 4a, iliyotoka Agosti 2020 na Android 10, ikaishia Android 13, na ahadi yake ya masasisho ikaisha Agosti 2023. Simu hiyo ilikuwa na miaka mitatu tu.

Kabla ya yote, hakikisha kweli umeachwa

Simu nyingi tunazonunua hapa, zile za “occasion”, zimepita Dubai, Ulaya, Marekani au China kabla ya kuvuka Kasumbalesa au kushuka uwanja wa ndege wa Luano. Asili hiyo ina uzito kuliko muuzaji anavyokuambia.

Kwenye Samsung, kila simu ina kodi (“code”) ya nchi ndani yake, na sasisho hufuata kodi hiyo. Simu mbili zinazofanana kwa macho, moja ya Ulaya na nyingine ya Asia, zinaweza kupishana miezi kadhaa. Kwenye Xiaomi kuna mtego mbaya zaidi: simu iliyotengenezwa kwa ajili ya China, ambayo muuzaji aliiwekea mfumo wa kimataifa uliochezewa ili iwe na Kifaransa na Google Play. Simu ya namna hiyo haipati sasisho kabisa, hata kama modeli yenyewe bado inahudumiwa. Apu za ajabu ambazo hukuziweka wewe, na ambazo hazifutiki, ni dalili yake.

Angalia pia sasisho la Google Play la mfumo, ambalo liko chini ya usalama au chini ya toleo la Android kwenye mipangilio. Watu wengi hawajawahi kuligusa. Halichukui nafasi ya sasisho kamili, lakini ni la bure na halina hatari yoyote.

Modeli kamili, si jina la kwenye boksi

Hapa ndipo simu nyingi zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukimwambia mtu “nina Redmi Note 8”, hujamwambia kitu bado. Redmi Note 8 ina chipu ya Snapdragon 665, na jina lake la ndani ni ginkgo. Redmi Note 8 Pro ina chipu ya MediaTek, Helio G90T, na jina lake la ndani ni begonia. Redmi Note 8T inaitwa willow. Kwa muuzaji hizi ni ndugu wa familia moja. Kwa programu ni mashine tofauti, na kuweka faili ya moja kwenye nyingine kunaweza kuiharibu. Jina la ndani ndilo utakalolifuata kuanzia sasa hadi mwisho wa kazi. Pixel 4a ni sunfish, Redmi Note 10 Pro ni sweet, Poco F1 ni beryllium.

Kwa Samsung, soma herufi za mwisho za namba ya modeli. Inayoishia na F au B kwa kawaida ni ya soko la kimataifa. Inayoishia na U au U1 ni ya Marekani, na W ni ya Kanada: hizo zenye chipu ya Snapdragon zimefungwa, yaani zinakubali mfumo wa kampuni peke yake, na hazifunguliki kwa njia ya kawaida. Pixel zilizouzwa na Verizon huko Marekani ni vivyo hivyo, kitufe cha kuruhusu kufungua kiko pale kwenye “Options pour les développeurs” lakini ni cha kijivu na hakibonyezeki. Ukienda kununua simu kwa nia ya kuifanyia kazi hii, angalia kitufe hicho mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa.

Ukishajua modeli yako kamili, nenda kwenye wiki ya LineageOS, wiki.lineageos.org, fungua orodha ya vifaa, utafute simu yako na jina lake la ndani. Ikiwa ipo, na ukurasa wake hausemi kwamba imeacha kuhudumiwa, endelea kusoma. Ikiwa haipo, ushauri wangu ni kuacha hapa. Huwezi kukosa mtu wa kukutumia faili kwenye kundi la Telegram akisema inafanya kazi, lakini mfumo wa simu ndio unaoona ujumbe wako, namba zako za siri na pesa zako. Usiupokee kutoka kwa mtu usiyemjua.

Wenye Tecno, Infinix, itel na Huawei

Najua wengi wenu mko hapa, kwa sababu hizo ndizo simu zinazojaa mjini. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja ya China, Transsion. Msitegemee kuzikuta kwenye orodha ya LineageOS. Treble inaruhusu kinadharia kuweka mfumo wa jumla usiolenga modeli yoyote, lakini matokeo mara nyingi ni simu ambayo kamera inagoma, au alama ya kidole haisomi, au sauti ya simu inasikika upande mmoja. Siwashauri mfanye hivyo kama simu mliyo nayo ni moja tu. Huawei nayo iliacha mwaka 2018 kutoa kodi za kufungulia simu zake.

Kinachowezekana kwenu ni hiki. Pokeeni sasisho la Google Play la mfumo. Hakikisheni kivinjari na Android System WebView vinasasishwa kutoka Play Store, kwa sababu mashambulizi mengi hupitia kurasa za intaneti. Ondoeni apu za matangazo zilizokuja na simu. Zile zisizofutika zinaweza kuzimwa kwa kompyuta, kwa amri hii ya adb (namna ya kuipata na kuunganisha simu iko mbele, kwenye sehemu za vifaa na butiloda), mkiweka jina kamili la kifurushi cha apu mahali pake:

`adb shell pm uninstall -k --user 0 jina.la.apu`

Simu ikiwekwa upya apu hiyo hurudi, kwa hiyo hakuna kinachovunjika moja kwa moja. Hata hivyo msiguse apu msiyoielewa kazi yake.

Hifadhi vitu vyako, vyote

Kufungua simu kunafuta kila kitu kilichomo. Hakuna njia ya kukwepa, na umewekwa hivyo makusudi, ili mwizi asiweze kufungua simu uliyoibiwa akasoma yaliyomo.

Hamisha picha na video kwenye kompyuta au diski. Toa namba za watu kama faili ya vcf, usitegemee kumbukumbu ya Google peke yake. Kwenye WhatsApp fanya “Sauvegarde” hadi imalizike, kisha nakili kwa mkono folda ya `Android/media/com.whatsapp` nzima kwenye kompyuta. Kama unatumia apu ya kutengeneza namba za siri za muda, ihamishie kwenye simu nyingine kwanza, la sivyo utajifungia nje ya akaunti zako.

Piga *#06# na uandike IMEI zote mbili kwenye karatasi. Kisha ondoa akaunti yako ya Google, na ya Samsung au Xiaomi kama ipo, moja kwa moja kutoka kwenye mipangilio, isipokuwa Xiaomi ambayo bado hujaifungua: hiyo inahitaji akaunti ibaki hadi ufunguzi ukamilike. Akaunti iliyobaki ndani wakati wa kufuta inaweza kukudai nenosiri lake baadaye, na kama simu ni ya mkono wa pili na akaunti ilikuwa ya mwenyewe wa kwanza, utakwama.

Vifaa, mega na umeme

Unahitaji kompyuta ya Windows, Linux au Mac. Kama una kompyuta ya mkononi yenye betri nzima, tumia hiyo. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba usiitumie katika mji ambao umeme unaweza kukatika katikati ya sentensi. Umeme ukikatika wakati faili inaandikwa kwenye simu, umejitafutia kazi ya usiku mzima. Chaji simu yenyewe ivuke nusu, na ikijaa ni vizuri zaidi.

Kebo ni jambo la kupima. Nyingi zinazouzwa sokoni zina nyaya za kuchaji tu, hazina nyaya za kupitisha data. Chomeka simu kwenye kompyuta: kama haikupi chaguo la “Transfert de fichiers”, badilisha kebo. Chomeka moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, usipitie kigawanyo cha USB. Tundu la zamani la USB 2 mara nyingi huleta usumbufu mdogo kuliko jipya.

Sasa pakua. Kutoka Google, kifurushi kinachoitwa platform-tools, chenye zana za adb na fastboot za kuamuru simu kutoka kwenye kompyuta, ambacho ni kidogo. Kwenye Windows ongeza draiva ya USB ya simu yako. Kutoka ukurasa wa simu yako huko LineageOS, pakua faili ya mfumo, ambayo kwa simu za kisasa hufika GB 1 au kuzidi, pamoja na faili ya rikaveri, yaani menyu ndogo inayotumika kuweka mfumo. Kama unataka Play Store, pakua pia MindTheGapps, kifurushi cha apu za Google, inayolingana na toleo lako: LineageOS 21 ni Android 14, LineageOS 22 ni Android 15, LineageOS 23 ni Android 16. Chagua pia aina ya prosesa: karibu simu zote za sasa ni arm64, lakini thibitisha kwenye ukurasa.

Na pakua mfumo asilia wa kampuni kwa modeli yako kamili. Huo ndio utakaokurudisha nyumbani mambo yakiharibika. Unaweza kuwa mkubwa kuliko vingine vyote, GB kadhaa, na mega si za bure. Kama una rafiki chuoni au ofisini mwenye laini nzuri, nenda na diski yako. Usianze kazi bila faili hiyo kwa sababu ya kubana mega. Ukikwama usiku wa manane ndipo utakapojua thamani yake.

Mtandao ukikatika-katika, faili inaweza kuingia pungufu bila kukuambia. Pima kila faili. Kwenye Windows:

`certutil -hashfile faili.zip SHA256`

Kwenye Linux:

`sha256sum faili.zip`

Linganisha herufi zinazotoka na zile zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kupakua. Herufi zikitofautiana hata moja, futa na upakue upya.

Soma ukurasa wa simu yako hadi chini

Kurasa nyingi za LineageOS zina onyo juu kabisa: kabla ya kuweka, simu lazima iwe kwenye toleo fulani la mfumo wa kampuni, kwa mfano Android 13. Sababu ni kwamba LineageOS haibebi kila kitu. Programu za modemu na za chipu ya usalama, ile tunayoiita fimiwea, hubaki za kampuni, na mfumo mpya unazitarajia ziwe za toleo fulani. Ukipuuza onyo hilo unapata simu inayowaka lakini haina mtandao, au haina sauti, na utahangaika kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Kurudi nyuma nako kuna mipaka. Samsung, Xiaomi na baadhi ya Pixel zina kizuizi kinachokataa fimiwea ya zamani kuliko iliyomo. Kulazimisha kunaweza kuiua simu kabisa, isiwake hata kuonyesha nembo.

Kufungua butiloda

Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa na kuamua mfumo upi uruhusiwe kuendelea. Ikiwa imefungwa, inakubali mfumo wa kampuni peke yake.

Kwenye “À propos du téléphone” bonyeza “Numéro de build”, au “Numéro de version” kwenye Samsung, mara saba. Kisha ingia “Options pour les développeurs”, washa “Débogage USB” na mstari wenye herufi OEM unaohusu kufungua. Mstari huo usipoonekana au ukiwa wa kijivu, unganisha simu kwenye intaneti na uisubiri. Kwenye Samsung inaweza kuchukua hadi siku saba kujitokeza, ila zenye One UI 8 (toleo la mfumo wa Samsung la 2025) zimeondolewa mstari huo.

Chomeka simu, fungua dirisha la amri ndani ya folda ya platform-tools, uandike:

`adb devices`

Simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Kubali. Ukiona namba ya simu na neno device, mmeelewana.

Kwa Pixel:

`adb reboot bootloader`
`fastboot flashing unlock`

Kisha thibitisha kwa vitufe vya sauti na kitufe cha kuwasha. Motorola ni karibu hivyo hivyo, ila kampuni inakupa kodi kwenye tovuti yake baada ya kuitumia herufi ndefu zinazotolewa na amri ya `fastboot oem get_unlock_data`.

Samsung hutumia njia yake. Zima simu, shika vitufe vyote viwili vya sauti, huku umeshika chomeka kebo iliyounganishwa na kompyuta. Kwenye skrini ya onyo, bonyeza kwa muda mrefu kitufe cha kuongeza sauti. Ujue kwamba ukiweka mfumo usio wa Samsung, fyuzi ya Knox ndani ya chipu inaungua na haitengenezeki tena: Samsung Pay na Secure Folder hazitafanya kazi hata ukirudisha mfumo wa awali. Baada ya kufungua, acha simu iwake, iunganishe intaneti, urudi kuhakikisha mstari wa OEM bado umewashwa, ndipo uendelee.

Xiaomi ndiyo inayochosha. Unahitaji akaunti ya Mi, laini ya simu ndani yenye mega, uiunganishe akaunti na simu kwenye mipangilio ya wasanidi, kisha apu ya kompyuta ya kampuni ikuambie usubiri, mara nyingi saa 168. Simu zenye HyperOS, mfumo mpya wa Xiaomi, zinaongeza kizingiti: lazima uombe ruhusa kwanza kupitia apu ya jumuiya ya Xiaomi, na nafasi za kila siku ni chache. Zinafunguliwa saa sita usiku ya Beijing, ambayo kwetu Lubumbashi ni saa kumi na mbili jioni kamili. Kaa tayari dakika kadhaa kabla. Usimlipe mtu anayedai anaweza kuruka foleni, maana atakuomba nenosiri la akaunti yako.

Kuweka mfumo wenyewe

Sasa weka rikaveri ya LineageOS. Amri inategemea simu: kwenye nyingine ni `fastboot flash recovery recovery.img`, kwenye nyingine rikaveri hukaa ndani ya sehemu za kumbukumbu zinazoitwa boot au vendor_boot. Fuata ukurasa wa simu yako neno kwa neno, si video ya mtu mwenye simu inayofanana na yako. Kwa Samsung kazi hii hufanywa kwa programu za kompyuta, Odin au Heimdall, na baada yake lazima uingie rikaveri papo hapo bila kuiacha simu iwake kawaida, kwa sababu mfumo wa zamani ukiamka unaweza kuirudisha rikaveri yake.

Ukiona nembo ya LineageOS na menyu, gusa “Factory reset”, kisha “Format data/factory reset”, uthibitishe. Rudi mwanzo, gusa “Apply update”, halafu “Apply from ADB”. Kwenye kompyuta:

`adb -d sideload lineage.zip`

ukiweka jina halisi la faili yako. Asilimia zitaanza kupanda. Kwenye simu nyingi zitafika 47 na kusimama hapo, na mistari ya mwisho itaonekana kama kosa: failed to read command, kisha neno Success. Wengi huchomoa kebo hapo wakidhani imekwama, na huko ndiko kuharibu. Angalia kioo cha simu, si kompyuta. Menyu ikirudi na simu ikasema imemaliza, imemaliza.

Kama unataka Google Play, sasa ndiyo saa yake, kabla simu haijawaka mara ya kwanza. Ukisubiri hadi baadaye utalazimika kufuta na kuanza upya. Simu zenye mifumo miwili sambamba, A na B, zitakuuliza kama ziwashe tena rikaveri ili uongeze vifurushi: kubali. Rudia “Apply from ADB” na faili ya MindTheGapps. Simu italalamika kwamba sahihi ya faili haitambuliki na kuuliza kama uendelee. Jibu ndiyo, hilo ni kawaida kwa faili isiyotoka LineageOS yenyewe.

Kisha “Reboot system now”. Kuwaka kwa mara ya kwanza kunaweza kufika dakika 15, duara la nembo likizunguka. Iache. Ikizidi hapo sana, kuna tatizo, na sehemu ya mwisho inakuhusu.

Siku za kwanza

Piga simu, pokea simu, tuma ujumbe, jaribu laini zote mbili, Bluetooth, kamera ya mbele na ya nyuma, kabla hujarudisha vitu vyako. Linganisha IMEI na ile ya kwenye karatasi. Kwenye WhatsApp rudisha folda mahali pake kabla ya kufungua apu.

M-Pesa, Orange Money na Airtel Money kwa USSD, yaani kwa kupiga namba za nyota na reli, zinaendelea kama kawaida, kwa sababu USSD hupita kwenye mtandao wa simu na haichunguzi mfumo. Apu za benki ni habari nyingine. Nyingi huuliza Google kupitia Play Integrity kama simu ni ya asili, na simu iliyofunguliwa hujibiwa hapana. Kama maisha yako yanategemea apu fulani ya benki, ulizia au ijaribu kwanza kwenye simu iliyofunguliwa ya mtu mwingine. Kwenye baadhi ya simu filamu za Netflix zitashuka ubora, na Samsung nyingi hupoteza kupiga simu kwa 4G. Hizo ndizo gharama, na ni za kweli.

Usiongeze ruhusa za root, yaani mamlaka kamili juu ya mfumo. Huzihitaji kwa lolote lililoandikwa hapa, na zinaongeza mlango mmoja wa hatari. Weka namba ya siri ndefu, kwa sababu butiloda iliyofunguliwa inamrahisishia aliyeshika simu yako mkononi kucheza na mfumo.

Masasisho sasa yanakuja kupitia “Updater” ndani ya mipangilio ya mfumo. Simu nyingi hujengewa toleo jipya kila wiki, lakini kila moja ni faili nzima, kwa hiyo mara moja kwa mwezi inatosha kwa anayehesabu mega. Kuruka kutoka LineageOS 22 kwenda 23 hufanywa kwa kompyuta na `sideload`, pamoja na MindTheGapps mpya. Na uwe mkweli kwa nafsi yako kuhusu unachopata: ukurasa wa “Trust” ndani ya LineageOS unaonyesha tarehe mbili, ya mfumo na ya sehemu za mtengenezaji. Ya kwanza itakuwa mpya. Ya pili itabaki pale kampuni ilipoishia, kwa sababu modemu na chipu ya usalama hakuna mwingine anayeweza kuzitengeneza.

Ikigoma

Simu inayozunguka kwenye nembo bila kuingia haijafa. Rudi kwenye rikaveri, fanya “Format data” tena, kwa sababu chanzo cha kawaida ni data ya mfumo wa zamani iliyobaki imesimbwa. Ikiendelea, weka upya mfumo bila MindTheGapps uone kama tatizo liko huko. Kompyuta isipoiona simu kwenye fastboot, badilisha kebo, tundu, kisha draiva, kwa mpangilio huo, kabla hujafikiria jambo kubwa zaidi.

Ukiamua kurudi, tumia mfumo asilia uliopakua mwanzoni na zana ya kampuni yenyewe. Kuwa macho na zana ya Xiaomi, Mi Flash: chini ya dirisha lake kuna chaguo la kusafisha na kufunga, “clean all and lock”, na mara nyingi ndilo limechaguliwa tayari. Libadilishe kuwa “clean all” kabla ya kubonyeza. Usifunge tena butiloda ukiwa na mfumo usio wa kampuni, wala kwenye Xiaomi ya China iliyowekewa mfumo wa kimataifa. Simu itakataa kuwaka, na hapo hata fundi mzuri wa katikati ya mji atakuwa na kazi ngumu.